Rasimu ya Tatu

Ndugu Mgeni Rasmi,
awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutuamsha salama.
Mstari huu umesimama tangu rasimu ya kwanza.
Kalamu nyekundu ya Madamu Urio haikuugusa.

Niliandika: tuna shida ya maji.
Akakata shida, akaandika changamoto.
Niliandika: Agosti bomba lilikauka siku kumi na tisa,
tukashuka Rau na ndoo kabla ya kengele,
Ndeshi akateleza juu ya jiwe, akavunja jino la mbele.
Akakata Agosti, akakata Rau, akakata jino.
Sasa ni changamoto ya maji, nukta.

Niliandika tulianza mia moja arobaini na wawili,
tunahitimu mia moja kumi na sita.
Akanitazama juu ya miwani:
"Hao wengine unataka mgeni akawatafute?"
Hapo nilikata kwa mkono wangu.

Ombi la basi limebaki.
Lilikuwamo hata mwaka aliohitimu kaka yangu Anaeli,
na Anaeli sasa ana kipara.
Kila mwaka shule inaomba basi,
mgeni anaahidi, anakula, anapiga picha,
halafu basi.

Nje wanakaza kamba za maturubai.
Kidato cha Tatu wanapanda kutoka usharikani
na viti vichwani, miguu juu,
kundi la wanyama wenye pembe nne nne.
Mbuzi wa kesho wamefungwa nyuma ya jiko;
mmoja amekula shada la karatasi za rangi
tulilolisuka jioni tatu,
na mpishi anasema hajaona ubaya,
atakuwa amejipamba kwa ndani.
Kibo iko wazi tangu asubuhi, haina hata wingu,
utadhani nayo imelipa mchango.

Mchango wa Ndeshi umelipwa kwa ndizi.
Mama yake aliileta mwenyewe kwa guta,
mikungu minane ya mshare,
mhasibu akaihesabu mara mbili, akaandika risiti.
Kwenye risala nasoma:
tunawashukuru wazazi kwa kujitoa kwa hali na mali.
Mali niliiona ikishushwa.
Hali ilikuwa imeshika usukani, inatweta.

Wiki tatu zijazo ni mtihani wa taifa.
Tunahitimu kwanza, kisha ndiyo tupimwe.
Nilimuuliza Mwalimu Kessy, yeye ni mtu wa hisabati.
Akasema hilo halina kanuni, vaa joho.

Majoho yamefika kutoka mjini kwenye viroba,
yananuka jasho na manukato ya shule nyingine.
Langu ni refu, linafagia.
Ndani ya mkono wa kushoto kuna kitu kilinikwaruza:
pini, na kikaratasi kimekunjwa mara nne.
Mwandiko wa haraka, wa mtu nisiyemjua:
*Usilie. Mama yuko safu ya nne, kilemba cha kijani.*

Nimekisoma bwenini, taa zimebaki dakika kumi.
Sijui kama alilia.
Sijui kama kilemba kile kilikuwa kweli safu ya nne
au mama alichelewa, akasimama nyuma na wauza soda.

Ndugu Mgeni Rasmi,
kesho nitakusomea ukurasa mmoja na nusu,
sauti juu, mgongo wima, kama nilivyoelekezwa.
Utapiga makofi kwenye neno changamoto.

Usiku huu nimechana karatasi ya daftari la kemia.
Nimeandika Agosti. Nimeandika Rau na lile jino.
Nimeandika majina ishirini na sita, nikianza na Haikaeli
aliyeondoka Kidato cha Pili na godoro langu la akiba
na sijawahi kumdai.
Herufi ndogo, pande zote mbili.
Kikaratasi cha yule mwenzangu nimekikunja ndani yake.

Jumatatu majoho yanarudi mjini,
Ijumaa yanapanda Machame, au Marangu, sijui.

"Unashona nini gizani?" anauliza Ndeshi.
Sishoni. Nabana tu.
Pini imenichoma kidole gumba,
nanyonya damu, natafuta upindo kwa kupapasa.